Kuangua kunakukataa? Anza na miguu

Kwenye banda letu la gemu Mikindani hatusemi "shambulio la hewani la kuelekea juu". Tunasema kuangua. Mwenzio yuko juu, wewe uko chini yake, unaruka unampiga kama mtu anayeangua embe kwa upembo. Dogo mmoja alilitamka neno hilo akiwa amesimama nyuma ya wenzake akisubiri zamu, wote wakalipenda, na tangu siku hiyo hatujaliita jina jingine.

Gemu yenyewe ni Super Smash Bros. Ultimate ya Nintendo Switch, iliyotoka tarehe 7 Desemba 2018. Kwa ambaye hajaicheza: hapa humalizi damu ya mpinzani. Kila anapopigwa asilimia yake inapanda, na kadiri inavyopanda ndivyo anavyorushwa mbali zaidi, hadi avuke mpaka wa uwanja, iwe pembeni, chini au juu. Kuangua ndiyo njia ya kumtolea juu, na ndiyo njia ya kumzuia asitue. Ndiyo maana kila anayeingia bandani anataka kuijua mapema, na inapomkataa anaumia kweli. Nimeona mtu mzima akiweka padi, yaani kidhibiti cha kuchezea, chini na kukaa kimya mchezo mzima uliofuata.

Mwongozo huu unafuata dalili. Tafuta yako, soma hapo. Ila nakitanguliza kitu kimoja kwa sababu kitakuokolea siku nyingi: kuangua ni mruko wenye pigo juu yake. Karibu kila kosa ninaloletewa, nikilifuatilia nalikuta kwenye mruko. Mchezaji anachunguza kidole kinachopiga, kumbe kilichokosea ni kile kilichoruka: kimewahi, kimechelewa, au kimemrusha mtu mahali ambapo mwenzie hayupo tena. Kwa hiyo tutakuwa tunaanzia miguuni kila mara.

"Nimebonyeza juu, kimetoka kingine"

Hapa swali la kwanza ni moja: kimetoka kipi? Jibu linakupeleka moja kwa moja kwenye sababu, usilirukie.

*Kimetoka kipigo kizito cha juu cha ardhini.* Binti mmoja wa Chikongola alikuja akicheza na mpiganaji aitwaye Mario. Kila akitaka kuangua, Mario anabaki chini na kupiga kichwa kizito kuelekea juu, halafu anaadhibiwa. "Kaka, padi yako mbovu," akaniambia. Sikubishana naye. Nilimfungulia uwanja wa mazoezi, nikapunguza kasi hadi robo, nikamwomba arudie vilevile alivyozoea. Tukaona wote wawili: Mario anakunja magoti kana kwamba anaruka, halafu soli za viatu haziachi ardhi, kichwa ndicho kinachopanda. Nikatazama mikono yake. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kinatoka kwenye kitufe cha kuruka na kusukuma stiki ya kulia, kile kijiti cha padi, kwa mwendo mmoja, bila hata nafasi ya kupepesa jicho.

Kinachotokea ni hiki. Gemu inakwenda kwa fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, na karibu kila mpiganaji, awe mwepesi kama Pikachu au mzito kama Donkey Kong, hukunja magoti kwa fremu 3 kabla ya kuondoka ardhini. Hiyo ni sehemu ya ishirini ya sekunde. Ndani ya fremu hizo tatu bado anahesabiwa yuko chini, na gemu inaruhusu mruko ukatishwe kwa kipigo kizito cha juu. Ukisukuma stiki ya kulia juu mapema mno, na stiki hiyo imepangwa kutoa vipigo vizito, gemu inakuelewa hivyo: umeghairi kuruka.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni ya mkono: ruka, acha miguu iondoke, ndipo uangue. Fanya mara kumi kwa kasi ya robo, mara kumi kwa nusu, kisha kasi kamili. Ya pili ni ya mipangilio, na ndiyo ninayowapa wengi: nenda kwenye mipangilio ya padi ndani ya gemu, badilisha stiki ya kulia kutoka vipigo vizito kwenda vipigo vyepesi. Ukiwa hewani hupotezi kitu, kwa kuwa huko stiki hiyo hutoa vipigo vya hewani vilevile kwa mipangilio yote miwili. Unachopoteza ni kipigo kizito cha haraka ukiwa chini, nacho utakipata kwa stiki ya kushoto na kitufe cha kupiga. Binti yule alibadilisha, na jioni hiyohiyo kichwa cha bahati mbaya kilikoma.

*Kimetoka kipigo cha katikati (kile kisicho na upande), au cha mbele.* Huyu anatumia stiki ya kushoto pamoja na kitufe cha kupiga. Stiki ina springi: ukiisukuma juu na kuiachia kidogo tu kabla ya kubonyeza, imesharudi katikati, na gemu inatoa kipigo cha katikati. Ukiwa unakimbia kwenda mbele, stiki inakuwa imelala upande, ukiipandisha haraka inafika pembeni-juu, na gemu inasoma mbele. Hapo unajiona umebonyeza juu kabisa na unaapa, na kwa hisia ya kidole ni kweli.

Kwa huyu nasisitiza stiki ya kulia. Faida yake kubwa si kwamba inalenga vizuri. Faida ni kwamba inamwachia kidole gumba cha kushoto kazi moja tu, kuongoza mwili hewani. Ukiangua kwa stiki ya kushoto, lazima kwa kitambo uache kumfuata mwenzio ili uelekeze stiki juu, na kitambo hicho ndicho anachopitia. Sasa, ili kidole cha kulia kiwe huru kwa stiki, mruko usikae kwenye kitufe cha uso wa padi. Uhamishie kwenye kitufe kimojawapo cha bega, kile cha ukingo wa juu wa padi. Siku mbili tatu za kwanza utaruka unapotaka kujikinga na kujikinga unapotaka kuruka, vumilia. Sijapata mtu aliyevumilia wiki nzima akataka kurudi nyuma.

*Kimetoka, lakini mruko wangu wa pili umeliwa.* Au ameruka tena bila kupiga kabisa. Sababu ni mpangilio wa kuruka kwa stiki, ambao wachezaji huuita tap jump. Ukiwa umewashwa, kusukuma stiki ya kushoto juu ni kuruka. Kwa hiyo unaruka kwa kitufe, unasukuma stiki juu ili uangue, na gemu inasoma "ruka tena". Mruko wa pili ndio uhai wako ukiwa nje ya uwanja, na umeupoteza kwa kipigo ambacho pengine hakikumpata mtu. Uzime.

Sasa zingatia hili, kwa sababu ndilo linalowachanganya watu kwenye mabanda kuliko nyumbani. Mipangilio hiyo haikai kwenye padi wala kwenye mashine kwa jumla. Inakaa kwenye jina ulilojitengenezea, na kwa kila jina inatenganishwa kwa aina ya padi. Wateja wangu wengi huzima kuruka kwa stiki leo, kesho wanakaa kitini na kuingia moja kwa moja kuchagua mpiganaji bila kuchagua jina lao, na wanarudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Au wamepanga kwa Pro Controller, ile padi kubwa, leo imeshikwa na mwingine, wamepewa Joy-Con moja, padi ndogo ya Switch, ya kushika kwa ubavu, ambayo kwa jina lilelile ina mipangilio yake peke yake. Joy-Con moja haina stiki ya kulia kabisa, kwa hiyo hapo kuzima kuruka kwa stiki si hiari. Ukikaa kitini, kabla ya lolote, chagua jina na uhakikishe ni kwa padi uliyoishika.

*Kimetoka kipigo cha chini.* Ulikuwa umeshikilia stiki chini ili ushuke haraka. Achia stiki kwanza, au tumia ya kulia.

"Kinatoka, lakini naruka kifupi simfikii"

Dalili hii inaudhi kwa sababu mchezaji anajua alishikilia kitufe cha kuruka hadi mwisho. Kwa kawaida, ukibonyeza kitufe cha kuruka na kukiachia ndani ya zile fremu 3 za magoti, unapata mruko mfupi, na ukikishikilia unapata mruko kamili. Lakini waundaji wa gemu waliongeza njia ya mkato: ukibonyeza kuruka na kupiga kwa pamoja, unapewa mruko mfupi wenye kipigo, hata kama umeshikilia kitufe cha kuruka. Kwa wanaoanza ni msaada mkubwa. Kwa anayetaka kumfuata mtu juu, ni mtego.

Kwa hiyo ukitaka mruko kamili, tenganisha. Ruka, shikilia, ona miguu imeondoka, ndipo uangue. Tena ni dawa ileile ya binti wa Chikongola, na ndiyo maana nasema anza na miguu: makosa mawili ambayo yanaonekana hayana undugu, mmoja anabaki chini na mwingine anaruka kifupi, yanatoka kwenye haraka moja.

Kuna jambo jingine ndani yake ambalo wengi hawalijui. Kipigo cha hewani kilichotolewa kwa mruko mfupi kinapunguzwa nguvu, kinabaki na asilimia 85 ya madhara yake. Ukijiuliza kwa nini leo kuangua kwako hakumtoi mtu aliyekwisha kuchoka, huku jana kulimtoa kwa asilimia zilezile, kumbuka uliruka vipi.

"Kinatoka vizuri, kinapita hewa tupu"

Hapa ndipo penye kazi. Padi haina kosa, mipangilio haina kosa, kipigo kimetoka safi na hakijagusa mtu. Nitakaa hapa kidogo.

Cha kwanza, mjue upembo wako. Mario anajibetua hewani na mguu wake unakuwa na madhara kuanzia fremu ya 4. Ukijumlisha magoti, ni fremu 7 tangu uamuru kuruka. Ni kipigo cha haraka, lakini kinapita na kuondoka. Link anachomeka upanga juu na kuuacha umesimama kwa muda mrefu. Hivi viwili si kipigo kimoja chenye sura tofauti, ni kazi mbili. Kwa Mario unasubiri hadi mwenzio awe karibu, ndipo unapiga. Kwa Link unaweka upanga mapema mahali atakapopita, umwache ashuke juu yake. Mtu aliyezoea Link akihamia kwa Mario atapiga mapema mno kila mara, na aliyezoea Mario akihamia kwa Link ataona upanga unatoka wakati mwenzie ameshatua. Kama umebadilisha mpiganaji wiki hii na kuangua kumeharibika ghafla, sababu yako ni hiyo, usitafute nyingine.

Cha pili, tazama umegeukia wapi kabla ya kuruka. Ukishaacha ardhi huwezi kugeuka kwa kusukuma stiki tu, na vipigo vingi vya juu ni vya kufagia: vinaanza upande mmoja wa kichwa na kuishia upande wa pili. Mkia wa Pikachu unapita kama upinde. Mwenzio akiwa upande ambao mkia unaanzia utampata upesi, akiwa upande wa mwisho utampata umechelewa, au mwisho ukiwa umechoka. Fungua uwanja wa mazoezi, mweke mpinzani wa kompyuta asimame juu ya jukwaa, kisha mwangue kutoka chini yake, mara ukiwa umegeukia kulia, mara kushoto. Dakika tano zinatosha, na utajua jambo ambalo hata waliocheza mwaka mzima hawajalijua kuhusu mpiganaji wao.

Cha tatu, na ndicho kizito, ni yule aliye juu. Mtu anayeanguka hewani hajakaa kama embe tawini. Ana mruko wa pili kama hajautumia, ana kukwepa, ana kushuka haraka, ana kusogea kulia au kushoto, na ana kipigo chake mwenyewe. Wengi wanaona mtu yuko juu, wanaruka hapohapo, wanapiga, wanakosa, kisha wote wawili wanatua na nafasi imepotea. Nawaambia hivi: mruko wa kwanza usipige. Ruka kuelekea kwake, mpe hofu, tazama anafanya nini.

Kukwepa ndiko kunakostahili macho yako. Kwenye Ultimate mtu akikwepa hewani hawezi kukwepa tena hadi atue au apigwe. Na kukwepa kwa kuelekea upande fulani kunamwacha hoi kwa muda mrefu baada yake. Kwa hiyo ukiruka bila kupiga naye akakwepa kwa woga, umeshamnyang'anya silaha. Tumia mruko wako wa pili, mwangue sasa. Hii ndiyo sababu nililia na mruko wa pili ulioliwa na mipangilio: bila huo, huwezi kusubiri hewani.

Wapo wanaoruka na wewe mara moja tu na kujua unavyofanya. Ukiruka bila kupiga mara tatu mfululizo, ya nne hatakwepa, atakupiga. Ya nne piga wewe. Siwezi kukupa namba hapa. Kaa ukimtazama mtu mmoja kwa michezo mitatu, utaona anachokifanya akitishwa, na mara nyingi ni kitu kilekile. Kijana mmoja wa Naliendele, mpole kabisa, hutumia mruko wake wa pili kila anapotishwa. Aliyeligundua hilo ni mdogo wake, si mimi.

Na majukwaa je? Kwenye uwanja kama Battlefield wenye majukwaa matatu, mtu akitua juu ya jukwaa usikimbilie kupanda naye. Majukwaa yale hayazuii kipigo kutoka chini. Simama chini yake, ruka, mwangue kupitia jukwaa. Anayekimbilia kupanda anaacha sehemu nzuri kuliko zote uwanjani.

"Nampata, ila na yeye ananiumiza"

Vipigo vya hewani kwenye gemu hii havizuiani vikikutana. Kila kimoja kinapita, na anayeguswa mwili anaumia. Sasa fikiria unachoangulia. Ness na Donkey Kong huangua kwa kichwa chao wenyewe, mpiganaji mwenye upanga huangua kwa upanga, na upanga hauumii. Kichwa kikikutana na upanga unaoshuka, kichwa ndicho kinachoumia, hata kama ulikuwa na haraka zaidi kwa fremu moja.

Usipande wima chini ya mtu mwenye upanga au mwenye kipigo kikubwa cha chini. Njoo kwa ubavu, mruko wako uanzie hatua moja pembeni yake, ingia chini yake ukiwa tayari unapanda. Au kaa chini umwache apige hewa, kisha mwadhibu akitua. Kutoruka nako ni uamuzi wa miguu, na kwa wapiganaji wa mwili dhidi ya wa upanga, mimi naona ndio uamuzi bora zaidi ya nusu ya mara.

"Nampata moja, ya pili anaondoka"

Wanaouliza hili wameshaona video za watu wanaomwangua mpinzani mara nne, tano, hadi anatokea juu. Wanajaribu, wanapata moja.

Tazama asilimia yake. Ikiwa ndogo, kipigo hakimrushi juu ya kutosha, anatua kabla hujajipanga. Ikiwa kubwa, anarushwa mbali kuliko mruko wako. Katikati yake kuna dirisha, na kila mpiganaji ana lake. Kwenye uwanja wa mazoezi unaweza kumwekea mpinzani wa kompyuta asilimia isiyobadilika: anza 20, panda kumikumi, utaona dirisha lako linapofunguka na linapofungwa.

Mara nyingi kosa ni kwamba pigo la kwanza unalitoa ukiwa unapanda kwa mruko kamili. Likimpata, wewe bado unapanda huku umeganda kwenye kipigo, na yeye ameshakwenda. Jaribu kinyume: ruka, subiri, angua ukiwa unashuka. Linampata, wewe unatua mara moja, miguu iko chini, na una miruko yote miwili ya kumfuata. Fox anaonyesha hili vizuri. Kuangua kwake kuna mapigo mawili, mkia kwanza kisha miguu. Ukimpata mtu kwa mkia na kutua kabla ya miguu kutoka, anabaki karibu na wewe uko huru. Lakini yuleyule Fox, ukitaka kumtoa mtu juu na ukatua mapema, utalalamika kwamba kipigo hakina nguvu. Nguvu ziko kwenye miguu, hukuzifikia.

Halafu kuna anayepigwa. Anaweza kupinda njia yake kwa kushikilia stiki upande mmoja wakati anaporushwa, na kwa kuwa kuangua humrusha karibu wima, kupinda kwa pembeni kunamtoa juu ya kichwa chako. Usiruke kumfuata mahali ulipompigia. Mwone anaelekea wapi, sogea chini kwanza, kisha ruka. Wachezaji wengi hushikilia upande uleule kila mara, kwa kawaida kuelekea katikati ya uwanja.

Na kama unaangua tu tangu mchezo uanze, jua kipigo kinachuja. Gemu inakumbuka vipigo 9 vya mwisho vilivyompata mtu, na kinachojirudia humo kinapungua madhara na nguvu ya kurusha. Changanya.

"Nikitua naganda"

Ulitua kipigo kikiwa hakijaisha. Kila kipigo cha hewani kina muda wake wa kuganda ukitua nacho katikati, kirefu au kifupi kutegemea mpiganaji. Ruka mapema zaidi, au piga mapema zaidi ndani ya mruko, kimalizike hewani. Kwa waliojifunzia Melee, gemu ya zamani ya mfululizo huuhuu ya mwaka 2001: kule kubonyeza kitufe cha ngao kabla tu ya kutua kulipunguza kuganda kwa nusu. Huku hakupo, na kidole kilichozoea kitakuinulia ngao usiyoitaka.

Jihadhari pia na kumbukumbu ya vitufe. Gemu inashika amri yako kwa fremu 9 kabla ya kuweza kuitekeleza. Ukibonyeza kwa hofu wakati umeganda, ukifunguka unatekeleza amri ya hofu ile: unaruka tena usipotaka, unaangua hewa. Ukiona mpiganaji wako anafanya vitu vya ziada, punguza mibonyezo.

"Kila kitu kinachelewa, si kuangua tu"

Toa Switch kwenye kituo chake, icheze mkononi kwa skrini yake. Kuchelewa kukiisha, tatizo ni runinga. Tafuta kwenye menyu yake hali ya gemu na uiwashe. Inazima mapambo ya picha yanayochukua muda. Runinga isiyo na hali hiyo, zima mwenyewe kila kinacholainisha mwendo wa picha.

"Stiki inakwenda yenyewe"

Hii nimeiacha mwisho kwa sababu watu huanza nayo, na mara nyingi siyo. Lakini huku kwetu ikiwa ndiyo, ni ndiyo kweli. Banda liko hatua chache kutoka ghuba, upepo wa kusi unaleta chumvi, na msimu wa korosho ukifika vumbi na mikono yenye mafuta haviishi.

Kabla ya kulaumu padi, badilishaneni. Dalili ikimfuata mchezaji, ni mkono. Ikibaki na padi, ni padi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya Switch yenyewe, sehemu ya Controllers and Sensors, chagua kupima stiki. Iache bila kuigusa. Alama isipokaa katikati ya duara, stiki inatembea. Sukuma juu kabisa: alama isipofika ukingoni, hapo ndipo unapopata kipigo cha katikati ulipotaka kuangua, na hakuna mazoezi yatakayokusaidia.

Rekebisha vipimo kwenye ukurasa huohuo kwanza. Isipokubali, inua kile kifuniko chembamba cha mpira chini ya kichwa cha stiki, puliza vumbi kwa hewa kavu, si kwa mdomo, kwa maana mate ni unyevu. Tone la spiriti safi ya kusafishia vifaa vya umeme, zungusha stiki mara nyingi, iache ikauke kabisa padi ikiwa imezimwa. Nyingi zinapona kwa muda. Sehemu inayosoma mwendo wa stiki husuguliwa kila unapoisukuma, na ikishaliwa haisafishiki, inabadilishwa stiki nzima.

Ukiamua kuibadilisha, uwe na bisibisi yenye ncha ya herufi Y, kwa sababu skrubu za nje za Joy-Con ni za aina hiyo na ncha ya kawaida inazisaga. Ndani kuna nyaya bapa kama utepe. Nilimpa fundi mmoja Joy-Con yangu ya kushoto, akaivuta kwa nguvu kabla ya kufungua kishikio, utepe ukachanika, na padi iliyokuwa na stiki mbovu ikarudi bila vitufe kabisa. Kishikio cha utepe kinainuliwa kwa ukucha, taratibu, ndipo utepe unatoka wenyewe. Weka stiki mpya, rudisha utepe, funga kishikio, na kabla hujarudisha skrubu hata moja, washa, pima stiki upya, ingia uwanja wa mazoezi na uangue mara ishirini.